Chai ya Saa Nne

Uji wa unga wa njano una harufu ya gunia. Nzilani aliukoroga akiwa amegeuza uso upande. Harufu ilimkera, lakini tumbo lake lilimkera zaidi: lilikuwa tupu tangu saa mbili za jana usiku na sasa halikuwa na adabu tena. Lilinguruma mbele ya mume wake kama mbwa aliyefungiwa nje.

"Kunywa hata kikombe," Mutisya alisema, akivaa soksi kitandani, maana katika chumba kile kimoja cha mtaa wa Bahati kitanda ndicho kilikuwa kiti. "Nani atajua?"

"Damu itajua."

"Damu ina mdomo?"

"Ya leo inao. Mara ya kwanza ilisema. Leo nataka nisikie inasemaje."

Mutisya hakucheka. Alikuwa dereva wa lori la mkate na hakupenda mazungumzo ya damu asubuhi. Alimaliza uji, akafuta mdomo, akamshika mke wake bega kidogo, akatoka. Nzilani alifunga mlango kwa komeo, akachukua wembe na kioo kidogo, akajinyoa kidevu harakaharaka kabla jirani hajaja kuazima mwiko. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na ndevu ambazo vijana wengi wa mtaa walikuwa bado wanaziomba kwa Mungu. Shingoni, nyuma na kando, ngozi ilikuwa nyeusi na nene kama kitambaa cha mahameli. Aliisugua zamani kwa jiwe, kwa limau, kwa sabuni ya kufulia. Ilitoka damu lakini haikutoka.

Daktari Adoyo ndiye aliyemwambia aache kusugua. Ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Alimchorea kwenye karatasi: ovari mbili zilizojaa vifuko vidogo vidogo, na kando yake kongosho. "Insulini ndiyo inayoingiza sukari mwilini," alisema. "Kwako inatoka, tena nyingi, lakini mwili umekuwa kiziwi. Basi kongosho linapaza sauti. Hizo kelele ndizo zinakuletea ndevu, hiyo shingo, na siku zako kupotea miezi mitatu. Kongosho likichoka, inabaki sukari tupu kwenye damu."

Nzilani hakuhitaji kuchorewa mwisho wa maneno hayo. Mama yake, kule Mwala, alikatwa mguu wa kushoto kwa ugonjwa wa sukari, kisha wa kulia, kisha akazikwa kwenye sanduku fupi. Kwa hiyo aliposikia kwamba wanawake kumi na wanane wenye hali kama yake watapimwa na mradi wa utafiti kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, kuona kama miili yao inarudi kusikia au inazidi kuwa viziwi, aliandikisha jina siku hiyohiyo. Aliacha soda. Aliacha ugali wa usiku. Alitembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi, mvua na jua, miezi mitatu. Leo alitaka kujua kama ilisaidia. Hakuwa na haja nyingine duniani siku hiyo.

Alifika hospitalini saa moja na dakika kumi. Ilikuwa hospitali ya mtaa yenye mapaa ya mabati yaliyoliwa na kutu, na watu waliiita Kwa Kutu. Mbele ya mlango mwanamke alikuwa akikaanga mandazi, na Nzilani alipita hapo ameziba pua kwa leso.

Khavere, karani wa dirishani, alikuwa na miwani na kalamu iliyofungwa kwa uzi kana kwamba wagonjwa walikuja kuiba kalamu.

"Jina?"

"Nzilani Mutisya."

"Mama nani?"

"Nzilani."

"Nimeuliza mama nani. Mama Mwende, Mama Wafula, mama nani? Faili inataka."

"Sina mtoto."

Khavere aliinua macho kwa mara ya kwanza. Alimtazama kidevu, akashuka shingoni, akatua hapo. "Haya, Mama Bado. Namba kumi na moja. Na hiyo shingo, dada? Sabuni imepanda bei, sawa, lakini hata maji?"

Kwenye benchi watu wawili watatu walicheka. Watu wenye njaa hucheka chochote.

"Na huo mdomo wako, Khavere, unaoshwa na nini?" ilitoka sauti nene. Alikuwa Nerima, namba kumi, mwuza mitumba wa Gikomba, mrefu, mpana, na ndevu zake alizifunika kwa kitambaa alichofunga chini ya kidevu kama mtu mwenye jino bovu. "Kaa hapa, dada. Mwache huyo. Jana nilimwuzia blauzi yenye tundu, ndiyo maana ana hasira."

Nzilani aliketi. Walikuwa wamezoeana tangu kipimo cha kwanza.

Kabla ya damu walitakiwa kutoa mkojo. Kila mtu alikuja na chupa yake kutoka nyumbani: ya dawa ya kikohozi, ya wino, ya jemu. Choo cha wanawake kilikuwa kimefurika tangu Jumatatu. Mtu alikuwa ameweka matofali manne ndani ya maji yale ili akina mama wapate pa kukanyaga, na tofali la tatu lilicheza. Nzilani alipanda juu yake huku ameshikilia ukuta uliolowa, chupa mkononi, gauni amelikunja na kulibana kwa meno. Nzi walimtua midomoni. Ukutani palibandikwa tangazo: USAFI NI JUKUMU LAKO. Alitema mate juu ya tangazo hilo, kisha akaona haya, kisha haya ikaisha.

Mtu wa maabara aliitwa Wekulo. Koti lake jeupe lilikuwa na madoa ya chai kifuani na madoa mengine mikononi. Sindano alizichemsha kwenye sufuria juu ya koili ya umeme, na zilikuwa butu kiasi kwamba alizisukuma kama fundi anayetoboa mkanda.

"Sasa, mathee. Lete mkono. Usikaze, manze, mimi si polisi."

Saa mbili na nusu alimtoa damu ya kwanza, ya njaa. Akaandika saa kwenye kibandiko, akaweka kichupa kwenye tundu la kumi na moja. Kisha akampa kikombe cha plastiki.

Nzilani alikunywa, akakatiza, akatazama ndani ya kikombe. Mara ya kwanza yale maji ya glukosi yalikuwa matamu hadi yakamkaba koo. Alikaribia kutapika, na Daktari Adoyo mwenyewe alisimama kando yake akimwambia meza, meza, lazima iishe yote. Leo yalikuwa na utamu wa mbali, kama maji ya kusuuza kikombe cha chai.

"Hii ni ile ile?"

"Ni ile ile. Kunywa."

"Mara ile ilikuwa nzito."

"Mara ile ulikuwa hujazoea," Wekulo alisema, tayari akimwita namba kumi na mbili.

Nerima aliramba midomo. "Wametuwekea maziwa ya mtoto. Mimi sijali, mradi yameteremka."

Kazi ya kipimo kile ni saa. Damu ya njaa, kisha glukosi, kisha damu kila nusu saa mpaka zitimie saa mbili, ili ionekane sukari inapanda vipi na inashuka vipi. Nzilani alilielewa jambo hilo kuliko wengi waliokuwa kwenye benchi, kwa kuwa alikuwa karani wa saa katika kiwanda cha blanketi, Industrial Area. Alikaa getini na daftari, na kila mfanyakazi alipoingia aliandika dakika yake. Watu walimbembeleza, walimtukana, mmoja aliwahi kumletea kuku. Hakubadilisha dakika. Mkononi alivaa saa ya kiume aliyopewa na kampuni, na kila asubuhi aliilinganisha na redio.

Saa tatu Wekulo alitoa damu. Saa tatu na nusu alitoa damu, akiwa amechelewa dakika nne, na Nzilani alizihesabu kichwani. Saa nne kamili mlango wa maabara ulikuwa umefungwa.

Alingoja dakika tano. Akangoja dakika mbili nyingine. Benchi zima lilikuwa limekunja mikono ya mashati juu, pamba zimebanwa viwikoni, wanawake wote wakiutazama mlango wa kijani.

"Wameenda chai," Nerima alisema.

"Chai gani? Hii damu ni ya saa nne."

"Dada, hata rais akiwa anakata roho, saa nne watu wataenda chai kwanza. Keti."

Nzilani hakuketi. Alifuata ukumbi, akafuata harufu ya majani na maziwa, akapita chumba cha maiti, akafika kwenye chumba kidogo kilichokuwa na kicheko ndani. Mlango ulikuwa wazi nusu. Wekulo alikuwa amekaa juu ya kreti, Khavere amevua viatu, na msimamizi wa hospitali, mtu mwenye tumbo lililotulia mapajani kama mzigo wa mtu mwingine, alikuwa amekalia kiti pekee cha kweli. Birika la lita kumi. Mikate miwili iliyokatwa vipande vinene. Na katikati ya meza, kijiko kimesimama ndani yake, mkebe mkubwa mweupe ambao Nzilani aliujua. Daktari Adoyo ndiye aliyeuandika kwa wino mwekundu ubavuni: GLUKOSI. YA KIPIMO TU.

Msimamizi alichota vijiko vinne, akakoroga.

"Wekulo," Nzilani alisema. "Saa nne imepita dakika tisa."

Wekulo aligeuka, mkate mdomoni. "Mathee, hata damu hupumzika. Nakuja."

"Na hiyo glukosi ni ya kipimo."

Kijiko kilisimama. Halafu msimamizi akacheka taratibu, tumbo likatangulia. "Nani anaruhusu wagonjwa kuja huku? Mama, hiyo inaitwa sukari. Ya duka, ya daktari, yote sukari."

"Duka la hapo nje ukitaka kilo moja ya sukari lazima ununue na pakiti tatu za majani," Khavere alisema, kama mtu aliyeonewa. "Sasa sisi tunywe chai kama ya wafungwa?"

"Mlitupa sisi kiasi gani? Kila mtu alipaswa kupata kipimo chake. Mmetugawia vijiko vingapi?"

"Kila mtu amepata," Wekulo alisema. "Kidogo kidogo. Si mnasema sukari ni mbaya kwenu? Nimewasaidia!"

Walicheka wote watatu. Msimamizi alicheka mpaka chai ikammwagikia mkononi, na akairamba. Nzilani aliuona ulimi wake, mpana, wa rangi ya ini, ukipita juu ya vidole.

Alirudi benchini. Wekulo alifungua mlango saa tano kasoro dakika kumi. Ilipofika zamu yake, alimfunga mpira mkononi, akachoma, akajaza kichupa kimoja, na bila kuitoa sindano akajaza cha pili. Kwenye kibandiko cha kwanza akaandika saa nne. Kwenye cha pili akaandika saa nne na nusu.

"Umechukua zote mara moja," Nzilani alisema. "Na sasa ni saa tano."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni karani wa saa. Kule kwetu nikiandika dakika moja ya uongo nafukuzwa kabla ya king'ora cha mchana."

"Basi shukuru hufanyi kazi hapa. Mwenye zamu aingie!"

Waliruhusiwa kula. Nerima alinunua mandazi sita, akampa matatu. Nzilani alimweleza kwa sauti ya chini, mkebe, kijiko, vichupa viwili vya dakika moja. Alitegemea Nerima atasimama na kumshika Wekulo kola, kwa maana mikono yake ilitosha kazi hiyo. Nerima alitafuna polepole.

"Kwa hivyo majibu yatakuwa mazuri?"

"Yatakuwa ya uongo. Maji matupu hayapandishi sukari."

"Lakini mazuri."

"Nerima!"

"Sikia, dada. Mama yake mume wangu Nalianya amekaa kwangu wiki tatu. Hanisemeshi. Anangoja karatasi. Amesema karatasi ikisema bado nina ugonjwa, mwanawe ataoa msichana wa Kimilili, tayari ameshaonwa. Yeye hataki damu. Anataka karatasi." Alifuta mafuta midomoni kwa ncha ya kitambaa. "Nyamaza tu. Usitufukuzishe."

Nzilani alikula andazi moja, mawili akayafunga kwenye leso.

Saa nane na robo namba kumi aliitwa. Baada ya dakika tatu Nerima alitoka na karatasi mkononi, kitambaa kimefunguka, kidevu chake chote nje na hakujali nani anaona. "Nimeshuka!" aliambia benchi zima. "Daktari amesema nimeshuka!" Alimpita Nzilani bila kumtazama machoni, akaenda akipeperusha karatasi ile kama mtu aliyeshinda kesi.

"Kumi na moja!"

Daktari Adoyo alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala. Chini, karibu na miguu yake, palikuwa na sanduku jeupe la barafu, na ndani yake vichupa vya damu vimepangwa kwa namba. Hivyo ndivyo vilikuwa vya kwenda ng'ambo kwa ndege, kupimwa insulini, maana hapa nchini hawakuwa na mashine yake.

"Nzilani! Keti. Hongera sana." Alimgeuzia karatasi. "Mara ya kwanza sukari yako, baada ya saa mbili, ilikuwa bado juu. Leo tazama. Imelala chini kabisa. Hukula vibaya, ulitembea, mwili umeanza kusikia. Walioshuka tunawatoa kwenye orodha, wabaki wale wagonjwa zaidi. Umetoka. Nenda ukatafute mtoto."

Karatasi ilikuwa hapo. Nzilani alijiona akimpa Mutisya, akaona vile Mutisya angeisoma mara mbili. Ilikuwa karatasi nzuri. Ilikuwa na muhuri.

"Daktari, hizo si damu zangu za saa mbili. Glukosi ilikuwa kwenye chai."

Alieleza yote, dakika kwa dakika, kama anavyosoma daftari mbele ya meneja. Daktari Adoyo alivua miwani, akabana macho kwa vidole.

"Nilijua mkebe unapungua," alisema mwishowe. "Nilidhani ni panya."

"Ni msimamizi. Vijiko vinne."

"Wekulo ni mpwa wake. Nikiandika barua, barua inapitia kwa msimamizi."

"Basi nipime tena. Nitakuja kesho na njaa. Nitakuja hata kesho kutwa."

"Kwa glukosi gani, mama? Mkebe umeisha. Mwingine unatoka nje, miezi minne, na forodhani sijui." Aliligusa lile sanduku kwa kiatu. "Na hizi zinaondoka leo jioni. Nikisema hizi si kweli, wote kumi na wanane wanaanguka, na wenye mradi wanafunga mradi. Sasa hivi kuna wanawake kumi watakaobaki wakifuatwa. Kumi ni afadhali kuliko hakuna."

"Utawafuata kumi kwa kutumia uongo wa wanane. Na Nerima? Umemtuma nyumbani akacheze ngoma."

"Unataka nifanye nini?" Sauti ya daktari ilipanda, ikashuka. "Niambie wewe. Nifanye nini?"

Nzilani aliinama. Daktari alidhani anachukua mkoba. Aliingiza mkono kwenye barafu, akatoa vichupa vitano vyenye namba kumi na moja, akaenda kwenye sinki la pembeni. Alifungua cha kwanza, akamwaga. Cha pili. Damu ilikuwa imeganda kidogo, ilitoka kwa vipande, ikakaa juu ya kauri ya njano bila kutiririka.

"Nzilani! Hiyo ni mali ya mradi!"

"Hii ni yangu. Haitapanda ndege kwenda kusema uongo kwa namba yangu." Cha tatu. Cha nne na cha tano, vile viwili vya dakika moja, alivimwaga pamoja. Alifungua maji. Maji hayakuwepo. Bomba lilikohoa hewa.

Alisimama hapo, vidole vyekundu. Alijua alichofanya. Hakuwa na jibu zuri wala baya sasa. Angerudi nyumbani bila kujua kama mwili wake unasikia, na angeendelea kutembea kwa miguu, akiacha ugali wa usiku, kwa kubahatisha, mpaka siku kidole cha mguu kingemwambia.

Daktari Adoyo alivuta daftari kubwa, akateremsha kidole hadi namba kumi na moja, akaandika. Nzilani alikuwa amerudi mbele, upande wa pili wa meza, lakini karani wa getini hujifunza kusoma maandishi yaliyopinduliwa, maana watu hujaribu kumdanganya kwenye daftari lake mwenyewe. Daktari alikuwa ameandika neno moja: Hakufika.

"Nimefika," Nzilani alisema.

"Mama, tafadhali. Hii ndiyo njia rahisi kwako na kwangu."

"Nimefika saa moja na dakika kumi. Futa hilo. Andika nilifika saa moja na dakika kumi, andika nilitolewa damu saa mbili na nusu, saa tatu, saa tatu na dakika thelathini na nne. Saa nne hawakuwepo. Andika walikuwa wapi."

"Siwezi kuandika hivyo."

"Basi nangoja."

Kalamu ilibaki juu ya karatasi. Kule nje Khavere aliita namba kumi na mbili, mara moja, mara mbili, kwa ukali. Namba kumi na mbili akasukuma mlango, akaingia na tabasamu la mtu anayekuja kupewa habari njema, akamkuta namba kumi na moja bado amesimama mbele ya meza, mikono ina damu, anatazama saa yake.